Jenereta itakayowaka usiku huo

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Huku kwetu Riruta, Nairobi, tulidhani ni transfoma ya mtaa, kama ilivyo kawaida, mpaka simu zilipoanza kuingia: dada yangu Nyeri hana, shemeji Machakos hana. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alikuwa amebanwa na kifua tangu jioni. Ana pumu, na baridi ya Agosti huku upande wa juu wa mji haimhurumii. Tulikuwa tumemwekea nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, mara moja, na daktari alikuwa ameagiza turudie baada ya saa chache.

Sikuwa na hofu, maana nilikuwa na jenereta. Niliinunua mwaka uliotangulia katikati ya mji, ikiwa na namba 2500 kubwa nyekundu ubavuni. Baba watoto akaitoa nje, akavuta kamba, ikawaka. Tukapitisha waya dirishani tukachomeka taa, friji, kisambaza intaneti na nebulaiza. Mtoto akakaa mapajani mwangu na barakoa usoni, ule ukungu wa dawa ukaanza kutoka.

Baada ya dakika tatu hivi friji ikataka kuwaka. Taa ikafifia. Injini ikaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia ghafla. Nebulaiza ikaacha mvumo wake ikaanza kukokota, ukungu ukapungua, ukakatika, na nyumba ikawa giza. Tulichomoa friji tukawasha tena. Injini ilinguruma vizuri kabisa, lakini soketi zake zilikuwa zimekufa. Kitu ndani yake kilikuwa kimeungua.

Jirani akatoa gari tukakimbia hospitali. Mtoto alipata nafuu kabla ya alfajiri, namshukuru Mungu. Lakini mlio ule wa nebulaiza ikikokota bado uko masikioni mwangu, na ndio ulionifanya nijifunze mambo ya mashine hizi ambayo sikuwahi kufikiri yananihusu. Naandika kwa sababu watu wengi wananiuliza ninunue ipi, na swali lenyewe huwa linaanzia mahali pasipofaa. Wanauliza jina la mashine. Mimi sasa nauliza: usiku huo, ni kitu gani ambacho lazima kiwake?

Kwanza nilijua sikuwa peke yangu. Usiku uleule, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta moja iliyotakiwa kuhudumia abiria ilikataa kuwaka, watu wakabaki gizani na mizigo yao, na siku iliyofuata mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Kuwa na jenereta ni jambo moja. Kuwa na jenereta iliyopimwa kwa mzigo wake, ikajaribiwa, ikawaka siku ya haja, ni jambo lingine.

Jumatatu niliipeleka maiti yangu kwa fundi mmoja wa makamo kule Kirinyaga Road. Aliifungua kwenye kibao chake nje ya duka, akatoa kifuniko cha nyuma, akaniita nisogee.

“Mama, unaona hizi nyaya? Zina rangi gani?”

“Nyekundu, mzee. Shaba.”

Akachukua kisu kidogo akakwaruza waya mmoja taratibu. Chini ya ile rangi nyekundu, nyeupe ikachomoza, inang'aa kama sufuria mpya. Aluminiamu. Walikuwa wameipaka rangi ifanane na shaba. Aliniambia aluminiamu yenyewe si dhambi, ila inapitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule hupata joto zaidi, na ukiulemea mzigo unaungua mapema. Kisha akanionyesha kipande cheusi kilichonuka, akasema hicho ndicho kidhibiti cha volti, AVR, na ndicho kilichokufa. “Uliuziwa mbuzi kwenye gunia,” alisema, wala hakucheka.

Halafu akageuza kile kibati kidogo cha maelezo ambacho mimi sikuwahi kukisoma. Ubavuni pameandikwa 2500. Kwenye kibati, kwa herufi ndogo, palikuwa na namba mbili: ya juu kabisa, wati 2,500, na ya kazi, wati 2,000. Ile ya kwanza ni nguvu ambayo mashine inaweza kutoa kwa muda mfupi tu. Ya pili ndiyo nguvu ya kufanya kazi saa baada ya saa. Muuzaji hutaja ya kwanza. Wewe nunua kwa ya pili. Na wakikupimia kwa kVA badala ya kilowati, uliza tena, maana kwenye mashine nyingi kVA moja huhesabiwa kama kilowati 0.8.

Jambo la pili aliloniambia fundi yule sijawahi kulisikia kwa muuzaji yeyote wa Nairobi, na naona ndilo zito kuliko yote. Injini ya petroli inapumua kama sisi. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na injini inapoteza nguvu kiasi cha asilimia tatu na nusu hivi kwa kila mita 300. Namba za kwenye boksi hupimwa karibu na usawa wa bahari. Riruta tuko karibu mita 1,800. Piga hesabu: mita 300 mara sita, asilimia 3.5 mara sita, ni asilimia 21. Zile wati 2,000 za kazi zinabaki kama 1,580. Na hapo tunaamini kwamba kibati kinasema kweli. Anayeishi Mombasa na anayeishi Limuru wakinunua mashine moja, hawajanunua kitu kimoja.

Zaidi ya hapo, kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikipangwa kwa usawa wa bahari humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo huku juu. Plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, moshi unanuka petroli, mashine inakunywa mafuta bure. Watengenezaji wengine wana jeti maalumu ya kabureta, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa sehemu za juu. Uliza kama wakala anayo. Ukiona anakukodolea macho, kama nilivyokodolewa mimi, nenda duka lingine.

Basi nilirudi nyumbani nikachukua daftari nikaanza kuandika mzigo. Taa nne za LED za wati 9. Kisambaza intaneti wati 12. Runinga wati 80. Nebulaiza wati 150. Friji wati 150 ikishatulia. Jumla haifiki hata 450, na ukiangalia hivyo utashangaa kwa nini mashine ya 2,500 ilizimika. Siri iko kwenye mota. Kitu chochote chenye mota au kompresa huvuta mara kadhaa ya nguvu yake kwa sekunde ile ya kuanza. Friji ya wati 150 inaweza kuomba 600 hadi 900. Pampu ya maji ya nusu hospawa, ile inayopandisha maji kwenye tangi la ploti yetu, inatulia kwenye wati 550 hivi lakini inaweza kuomba zaidi ya 1,500 ikianza. Mashine yangu ya aluminiamu, iliyoibiwa nguvu na mwinuko, ilikutana na friji katikati ya kazi, ikainama.

Kwa hiyo mpangilio wa kuwasha una maana. Anza na chenye mota kubwa peke yake, kikishatulia ongeza cha pili, halafu vidogo. Na kuna vitu ambavyo vinapaswa kufutwa kwenye daftari kabisa. Shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo kwa papo inakula zaidi ya wati 5,000. Birika la kawaida 2,000. Pasi inakaribia hapo. Maji ya kuoga chemsheni kwa gesi.

Baada ya hesabu hiyo niliamua kuacha pampu nje. Tunajaza tangi stima zikiwepo, na ploti nzima tukakubaliana hivyo. Uamuzi huo mmoja ulinifanya nihitaji mashine ndogo na nzuri badala ya kubwa na mbovu.

Nilichonunua ni jenereta ya inveta. Jenereta ya kawaida lazima injini izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote, uwe umewasha taa moja au umejaza kila soketi, kwa sababu mizunguko hiyo ndiyo inayotoa hezi 50. Mzigo ukibadilika mizunguko inayumba, na umeme unayumba nayo. Ya inveta inageuza umeme kuwa wa DC kwanza, kama ule wa betri, kisha vifaa vya elektroniki vinautengeneza upya kuwa wa volti 230 na hezi 50, laini. Injini inaweza kupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo. Unapata ukimya, unaokoa mafuta, na chaja za simu, kompyuta na nebulaiza hazipati mshtuko. Yangu ni Honda EU22i: wati 1,800 za kazi, tangi la lita 3.6, uzito kilo 21 hivi. Kwa mzigo kamili inakwenda saa tatu na kitu, kwa robo ya mzigo karibu saa nane. Nililipa zaidi ya mara tatu ya bei ya ile ya kwanza, na tulikusanya kwa miezi saba. Si lazima uchukue hii. Zipo nyingine nzuri. Lakini jina likiwa kubwa, bandia zake nazo zinakuwa nyingi, kwa hiyo angalia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na utume namba yake kwa SMS kwenda 20023 ukiwa bado dukani, pesa zikiwa bado mfukoni.

Kuna mtego mwingine. Zinauzwa jenereta za mitumba kutoka Japani, safi, koili za shaba halisi, bei inavutia. Lakini nyingi ni za volti 100, umeme wa kwao. Za Marekani ni volti 120 na hezi 60. Ukichomeka friji ya Kenya humo haitafanya kazi, na ukianza kutafuta transfoma ya kuinua volti umeshaongeza gharama na kitu kingine cha kuharibika. Soma kibati. Volti 220 hadi 240, hezi 50, au uache.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nikiliandika mikono inatulia kwenye kibodi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari ya familia iliyolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi inayoua pale, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na jenereta moja ndogo inatoa nyingi kuliko jiko. Usiiweke jikoni. Usiiweke kwenye veranda, wala kwenye ngazi za ghorofa, wala chini ya dirisha hata kama mvua inanyesha, wala kwenye mlango wa hema. Mita sita kutoka nyumbani ndio mwanzo, na ekzosi ielekee mbali na watu wote, pamoja na watoto wa jirani ambao dirisha lao liko upande ule mwingine. Kama unaishi ghorofa ya nne Pipeline au Umoja na huna uwanja, nakuambia kwa upendo: hakuna jenereta ya petroli inayokufaa. Betri kubwa ya lithiamu ya kubebeka, ya wati-saa 1,000, itawasha taa, intaneti na nebulaiza kwa usiku mzima bila moshi, na unaichaji stima zikiwepo. Usiweke mashine kwenye balkoni.

Kosa lingine karibu liingie kwangu kupitia fundi wa umeme aliyekuja na waya wenye plagi pande zote mbili. Alitaka kuchomeka upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Inawaka, ni kweli. Lakini kama swichi kuu haijazimwa, umeme wako unatoka kwa meta, unarudi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ile ile inayoshusha volti 11,000 kuja kwako sasa inazipandisha kurudi. Kuna kijana wa watu juu ya nguzo anayeamini laini imekufa. Na plagi ile ikichomoka, meno yake yako wazi na yana umeme. Nilimlipa nauli yake nikamwomba aende. Baadaye fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, alitufungia swichi ya kubadilishia, ambayo haiwezi kukubali jenereta na laini ya nje kwa wakati mmoja. Wengi wetu tunatosheka na waya mrefu na mnene unaopita dirishani, na hilo halina ubaya. Waya mwembamba wa mita 20 ndio mbaya: unapata joto, na volti inashuka kabla haijafika.

Kelele pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye makazi ni kidogo sana, desibeli 35, ambacho hata inveta haikifikii ukisimama kando yake. Sisi tulikaa na majirani. Inawashwa kwa saa mbili, friji inapoa, simu zinajaa, inazimwa. Mtoto akibanwa kifua, inawashwa saa yoyote, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nyumba mbili wanaleta simu zao.

Gharama yake msiipuuze. Mashine kama yangu, kwa mzigo mdogo, lita moja ya petroli inatoa takriban yuniti moja ya umeme. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 217 kwa lita. Linganisha na yuniti ya tokeni. Jenereta ni ya dharura, na kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei mpya nakumbuka hilo.

Safari za kambi ndizo zilizonifundisha lile la mwinuko kwa macho. Tulipoinunua nilijaribu kuchemsha maji nyumbani kwa birika dogo la safari, wati 1,500. Injini ilipanda, ikatetemeka, ikazama, ikazimika. Desemba tukaenda Magadi, familia tatu, tukapiga kambi karibu na ziwa. Kule ni takriban mita 600 tu juu ya bahari. Joto lilikuwa limetuelemea hata saa moja jioni, na wazee walitaka chai tu, joto au si joto. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha. Nikachomeka birika lile lile kwenye mashine ile ile. Ikapanda, ikatetemeka kidogo, ikashikilia. Maji yakachemka. Hesabu ya daftari ilisema hivyo: 1,800 toa asilimia saba ni kama 1,670, wakati Riruta hazibaki zaidi ya 1,420. Lakini kuisikia kwa masikio ni tofauti.

Hata hivyo, kwa kambi ya usiku mmoja au mbili siku hizi naiacha nyumbani. Naivasha au Hell's Gate watu wamekuja kusikiliza fisi, hawakuja kusikiliza injini yangu. Betri inatosha taa na simu. Naibeba jenereta tukiwa wengi, siku tatu na zaidi, na boksi la barafu lenye kompresa. Naiweka mbali, upande ambao upepo unaelekea, na saa tatu usiku naizima bila kujadiliana na mtu. Petroli naibeba kwenye mtungi wa chuma unaofungwa vizuri, nje ya sehemu ya abiria, na siongezi mafuta mashine ikiwa moto.

Kuhusu binti yangu, daktari alitufundisha pia kutumia inhela na lile kopo la plastiki la kupulizia, ambalo halihitaji stima yoyote na katika shambulio la kawaida linafanya kazi kama nebulaiza. Liko kwenye droo ya kitanda chake. Pumzi ya mtoto haifai kutegemea kitu kimoja, hata kama kitu hicho ni kizuri.

Na mashine nzuri nayo hufa ikiachwa. Mpya huja bila oili, na wengi wameiua siku ya kwanza kwa kuvuta kamba kabla ya kumimina. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, halafu kila saa 100 au miezi sita. Vumbi la Nairobi linaziba filta ya hewa, kwa hiyo ioshe. Lakini kinachoziua zaidi ni petroli ya zamani. Ikikaa ndani ya kabureta miezi miwili au mitatu inageuka kuwa gundi na kuziba vijitundu vyembamba kuliko sindano, na siku giza likiingia utavuta kamba mpaka bega liume.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya kufua, tunaitoa uani. Natazama oili, navuta kamba. Mvuto wa pili huwa inaitika. Naiwekea friji iibebe kwa nusu saa, maana kuizungusha bila mzigo si kuijaribu. Kisha nachomoa waya, nafunga mafuta yasifike kwenye kabureta, naiacha ijimalizie yaliyobaki. Binti yangu, sasa yuko darasa la tatu, ndiye anayeshika simu yenye saa. Injini inaenda kama kawaida, inaenda, kisha inapanda ghafla kama inayovuta pumzi, inayumba, inanyamaza.

“Dakika tatu na sekunde kumi, mama,” anasema, anaandika kwenye daftari.